Siku Tuliyokwenda Kukamata Basi

Jamani, mimi nimeshaaibika mara nyingi maishani, ila ile ya bwawani ndiyo mpaka leo nikiikumbuka nikiwa kwenye lifti ya ofisi najikuta nimefumba macho na watu wananiuliza kama naumwa, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe, maana wengine wakiisimulia huitia chumvi, na Mungu anajua haihitaji chumvi.

Ilikuwa 2017. Nilikuwa nimempenda Furaha, msusi wa pale Joubert Park, hapa Johannesburg, tena nimempenda kweli, na kilichobaki kilikuwa baba yake akubali niwalete wazee wangu. Baba yake, Papa Furaha kama wote tulivyomwita, ni fundi cherehani wa Jeppestown, mtu wa Uvira, Kongo, na kwake yeye Mkenya ni tai shingoni na maneno mengi. Ili kumlainisha nilimpa anishonee suti. Aliishona vizuri ajabu, akanikabidhi bila hata kutabasamu.

Basi Jumapili moja mwezi wa tisa, tumetoka kanisani, akanishika bega. "Mukenya, siku ya konje tutaenda kukamata basi. Ukuye mapema sana, nitakuonesha kwa wakubwa."

Sasa nisikilizeni. Konje ni likizo, hilo nilishalijua. Na Wakongo hawa hawapandi kitu wala hawachukui kitu, wao wanakamata: wanakamata chai, wanakamata teksi, wanakamata dawa ya kikohozi. Kwa hiyo mimi, mjuzi wa lugha, nikafasiri papo hapo: tunapanda basi, tunasafiri kwenda kwa wajomba, ninatambulishwa! Ningeweza kumuuliza Furaha, lakini nilitaka asikie tu kwamba ukoo umeshanipokea. Nikanyoosha suti, nikapiga rangi viatu vyenye ncha, nikanunua keki.

Alfajiri ya siku hiyo nikafika Jeppestown nanukia mpaka mlinzi wa jengo akapiga chafya. Nikamkuta Papa Furaha na wazee watatu wa kanisa wamesimama kando ya bakkie, yaani pikapu, ya mmoja wao, wote wamevaa gambuti. Nikawaamkia, nikauliza, "Papa, basi liko wapi?"

"Iko mu maji," akajibu.

"Mungu wangu! Limetumbukia? Kuna waliokufa?"

"Bado," akasema, akinishangaa. "Hatujaua hata moja. Ndiyo tunaenda."

Hapo ndipo nilipoziona fimbo za kuvulia nyuma ya gari, nikaelewa. Kumbe ni bass, samaki mmoja wa hapa mwenye mdomo mpana, ambaye akipita kinywani mwa Papa Furaha anatoka akiwa basi. Ningesema tu, "Papa, nilielewa vibaya," wangecheka dakika mbili, ningeazimwa gambuti, yangeisha. Lakini mimi nikacheka kwa sauti kubwa, nikasema nilikuwa natania.

"Na costume hii?" akauliza, akiitazama kazi ya mikono yake.

"Papa, mimi ni mtu wa ziwa," nikajibu. "Kwetu tunavua hivi hivi. Ni heshima." (Sikudanganya kabisa. Nimezaliwa Nakuru, na Nakuru ina ziwa. Kwamba watu huenda pale kutazama ndege, na kwamba samaki nimezoea kumwona akiwa kwenye sahani, hakuna aliyeniuliza.)

Bwawa lilikuwa kwenye shamba la mtu, mwendo wa saa nzima kutoka mjini. Njiani wazee wakanieleza, huku nikiitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa mambo ya utotoni, kwamba huu ndio msimu: baridi ikiisha, bass wanasogea ukingoni kutaga, na dume ndiye anayefagia kiota kwa mkia, jike akishataga anaondoka, dume anabaki kulinda mayai. Halafu hali kitu. Akiuma chambo anauma kwa hasira, kwa kuwa umekaribia watoto wake. Na mwenye shamba ana sharti moja, ukimnasa wa kwenye kiota mrudishe hapo hapo, la sivyo samaki wadogo wanamaliza mayai.

Tulipofika, Papa Furaha akaniwekea fimbo mkononi. "Mutu ya ziwa aanze."

Mwishoni mwa uzi kulikuwa na kisamaki cha plastiki chenye ndoano mbili. Nikarudisha mkono nyuma kwa madaha, nikarusha kwa nguvu zangu zote, nikasikia kitu kinapasuka. Ndoano moja ilikuwa imeninasa makalioni, nami nikaipasua suruali aliyonishonea baba mkwe mtarajiwa kutoka kiunoni hadi karibu na goti. Nikageuka kutazama hasara, viatu vikateleza, nikashuka ukingo mzima kwa mgongo, nikaketi majini hadi kifuani, miguu imezama kwenye tope.

"Mushono yangu haipasukake!" Papa Furaha alifoka, na sauti yake iliniuma kuliko ndoano.

Nikawa nahangaika kuinuka, kumbe ndoano ya pili inaning'inia nyuma yangu, juu kabisa ya kiota. Dume mwenye nyumba akarudi. Kitu kikanivuta suruali kwa ghadhabu, nami, mtu wa ziwa, nikapiga kelele shamba zima lisikie, "Mamba! Mamba ananila!"

Mzee mmoja alikuwa ameshatoa simu. Video ilifika kwenye kundi la kanisa kabla sijatoka majini, na Furaha yumo kwenye kundi. Papa Furaha akaingia na gambuti zake, nikamnyooshea mkono, akanipita. "Ngoja, weye. Huyu baba iko na watoto." Akamtoa samaki ndoano taratibu, akamwachia, akahakikisha amerudi kwenye kiota. Ndipo akanikumbuka mimi.

Wakati wa kurudi alishika usukani yeye, akanikalisha mbele, nimefungwa taulo kiunoni. Tukasimama kwenye robot ya kwanza ya mjini, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu. Akaniuliza bila kunitazama, "Mukenya. Binti yangu unamupenda kweli, ao unamupenda vile unajua kuvua?"

Nilikuwa na hotuba ya jibu la swali kama hilo, nimeiandaa tangu mwezi wa sita. Nikaiacha yote. Nikasema, "Papa, kuvua sijui. Sijui kabisa. Furaha nampenda."

Taa ikawaka kijani, wa nyuma wakapiga honi, yeye amenigeukia, ananitazama tu. "Eish," akasema, akaondoa gari. "Ulete wazee yako. Lakini wao ndio waongee, weye unyamaze."

Tumeoana, na sasa mtu akitamka neno ambalo silijui nauliza hapo hapo, hata kama ni katikati ya mahubiri. Mke wangu anasema nimekuwa kero, nami nimemwambia azoee.