Kadi Arobaini na Moja za Ndooni

Kazi yote ilinigharimu miwani minne, mgongo uliokuwa umenyooka, na jozi mia moja na kumi na mbili za glavu za pamba. Nilizihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mia na kumi na tatu. Ile ya ziada ilikuwa soksi.

Siku ya kwanza nilifika mtaa wa Jeppestown, kwenye karakana ya kutengeneza filamu kuukuu, nikitokea kwenye cherehani yangu ya mtaa wa Hillbrow. Mkuu wa karakana alinipa mkanda uliochanika matundu ya pembeni, yale yanayoshikwa na meno ya mashine, akataka niuunge pasionekane alama. Niliuliza mshahara kabla ya kushika mkasi. Akataja, nikacheka, akapandisha.

Miaka mitatu niliketi meza ya kusafisha, kisha wakanihamishia meza ya kuunga. Hapo ndipo ilipoletwa filamu bubu ya upelelezi, mikanda sita, iliyotokana na riwaya ya Kifaransa. Filamu bubu haina sauti. Maneno huandikwa kwenye kadi zinazotokea katikati ya picha. Hii haikuwa na kadi hata moja. Inspekta anatembea, mtu anakufa, watu wanafungua midomo, basi. Mteja alikwisha kukodi ukumbi wa Jumamosi. Mkuu alituambia tukiirudisha hivyo, mteja ataondoka na kazi zake zote, na meza ya kuunga itafungwa. Meza ya kuunga ilikuwa mimi.

Nikamuuliza Otieno, Mkenya aliyerithi meza yangu ya kusafisha, kama aliona kadi. Akasema hakuona, ila alikata vipicha vichafu vyenye maandishi, kimoja kimoja, vinavyopita kabla hujapepesa jicho.

“Viko wapi?”

“Ndooni, Mama Cherehani. Unataka kushona shati?”

Hapo nikajua. Zamani filamu ya kuuzwa nje iliweza kubeba kila kadi kama picha moja tu, kubana matumizi ya mkanda. Aliyeinunua ndiye aliyeirefusha wakati wa kuchapisha nakala. Otieno alikuwa amesafisha riwaya nzima akaitupa.

Nilipekua ndoo. Arobaini na moja. Nikahesabu tena: arobaini na moja. Kifaransa nilikisoma Lubumbashi kwa viboko, hatimaye vikanilipa. Nikalinganisha kingo za mikato kama vipande vya kitambaa, kila kadi ikarudi kwenye jeraha lake, tukazirefusha zikae muda wa kusomwa mara mbili. Moja tu, “Nilijua ni wewe,” ilichanika pande zote: ingeweza kukaa kabla inspekta hajafungua mlango, au baada. Niliiweka baada.

Jumamosi, kwenye picha, mlango ulifunguka, akaonekana dada wa marehemu, ikafuata ile kadi. Ukumbi mzima ulisimama ukipiga makofi. Mkuu, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe, akanijia.

“Eish, Mama. Kuanzia Jumatatu meza zote mbili ni zako.”

Nikamuuliza kwa mshahara upi.

Sasa nimestaafu, nakaa Berea, na nimepata nafasi ya kuisoma ile riwaya. Humo inspekta anasema maneno yale kabla ya kufungua mlango. Wiki hii karakana imeniandikia: wanatengeneza nakala ya kudumu ya filamu ile, wanataka saini yangu kwamba kila kadi ipo mahali pake. Mwandishi yuko upande mmoja, ukumbi mzima upande mwingine. Nyinyi mnaoanza kazi hii na macho bado mazima, nishaurini: nisaini, au nimwambie Mkuu aihamishe ile kadi?