Kabla Hatujafukua Kaburi la Elias

Usiku ule nililala na nguo zangu za kutwa, maana asubuhi tulikuwa tunakwenda kufukua kaburi la mume wangu Elias. Msinishangae. Miezi mitatu mfululizo shemeji yangu Yona, mdogo wake Elias, alikuwa akiapa kwamba jeneza alilolibeba lilikuwa jepesi, na kwetu kila mtu anajua maana yake: mmezika mgomba, mtu wenu kachukuliwa msukule, analimishwa mashamba ya watu na kulishwa pumba. Mimi ningebisha nini? Siku ya kuaga mwili nilijifungia jikoni, sikumwona. Tangu hapo sikuwa nimetoa hata chozi. Nilipika, nikafua, nikaitikia salamu, ndani ganzi tupu.

Basi nikajiona shambani kwetu, jua la mchana, napalilia mahindi. Mstari wa pili kuna mtu analima, kanipa mgongo. Ule mgongo naujua. Nikamwita, hakugeuka. Nikasema moyoni, ehee, ndiye, wamemkata ulimi. Nikatupa jembe, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, wala sikuogopa. Nilifurahi, jamani, nilifurahi mno.

"Twende nyumbani, Baba Furaha," nikamwambia. "Nitakuogesha, nitakupikia. Hata kama huwezi kusema, sawa tu."

Mara tuko jikoni, ameketi kwenye kigoda, nimemtengea ugali na dagaa. Anautazama tu. Nambembeleza ale, nawalaani waliomzoesha pumba. Anacheka kwa pua, kicheko chake kile kile cha kuniona mjinga.

"Nani anilishe pumba, Mama Furaha? Mimi ni maiti."

"Usiseme hivyo. Yona anasema jeneza lilikuwa jepesi."

"Nilikuwa nimekonda. Si wewe uliyekuwa ukinigeuza kitandani kwa mkono mmoja?"

Nataka kumjibu, lakini jikoni pamekuwa sebuleni, watu wako kwenye foleni wanaimba polepole, na Elias amelala ndani ya jeneza, suti ya harusi imempwaya. Zamu yangu imefika. Nageuza uso.

"Nitazame," anasema.

Namtazama. Mashavu yameingia ndani, pamba ziko puani, midomo imekauka. Mwenye uso huo harudi. Namwekea mkono kwenye paji la uso, nakaa hapo muda mrefu, na watu nyuma yangu wananingoja bila kunung'unika.

"Waambie nimechoka," anasema. "Waniache nilale."

Nikaamka. Kumekucha, Yona anapiga hodi. Nikamfungulia, nikamkuta na majembe mawili begani.

"Shemeji, tuwahi. Mganga ameshafika makaburini."

"Hatuendi," nikasema. "Elias amekufa, Yona."

Neno hilo lilikuwa halijanitoka kinywani hata siku moja. Yona akanitazama kama niliyemtukana.

"Lakini nilimbeba mimi, shemeji. Alikuwa mwepesi."

"Najua alikuwa mwepesi. Ugonjwa ulimmaliza. Tulikuwa tunamwona, mimi na wewe, kila siku."

Akayateremsha majembe taratibu, akayaegemeza ukutani. Kisha akaketi kizingitini, mtu mzima yule na ndevu zake, akaanza kulia akimwita kaka yake kwa jina. Nikakaa pembeni yake, na mimi nikalia.