Paneli Juu ya Nyumba ya Kitinda Mimba

Watu wa kwetu wanapenda kusema mambo kwa kuficha: sola ilitolewa, sola ilihamishwa, sola iliondoka. Sola haina miguu. Ile iliyokuwa juu ya paa letu aliiondoa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, akishikiwa ngazi na fundi aliyemtoa Kiboriloni. Ilikuwa mchana kweupe, na mimi nilikuwa nimeshuka porini kukata majani ya ng'ombe. Shule niliishia darasa la nne, sikufundishwa kuandika kwa kuzunguka.

Sola yenyewe aliileta mume wangu. Alikuwa mgumu, ndivyo tunavyowaita wanaobeba mizigo ya watalii mlimani. Kahawa ilikuwa imeshatuangusha. Kila kitu kilikuwa ruksa siku zile, wanunuzi binafsi wanapita vihambani, kwenye mashamba yetu ya ukoo, na mizani zao, shemeji huyo huyo akiwa mmoja wao, na majirani wengine wakaanza kung'oa mibuni ya baba zao wapande nyanya. Mume wangu akaona bora apande mlima. Kule juu, kwenye vibanda wanakolala wageni, akakuta taa zinawaka na hakuna jenereta inayonguruma.

"Mama, kuna kioo kinakula jua," alimwambia mama mkwe wangu aliporudi.

"Na kikishiba?"

"Kinatapika taa."

Mama alicheka akashika mbavu. "Basi hapa kitakufa njaa. Jua la hapa linaishia kwenye migomba."

Alisema kweli. Kihamba chetu ni kivuli kitupu: mibuni chini, migomba juu yake, na miti mikubwa juu ya migomba. Wazee walipanga hivyo makusudi, kahawa isiungue. Mume wangu aliinunua paneli Tarakea, kwa mfanyabiashara aliyeivusha kutoka Kenya, akaja nayo kichwani imeviringishwa blanketi. Jioni ya kwanza ilituwashia taa muda wa kula tu, ikazima. Ikabidi aikate migomba iliyosimama mbele ya paa. Shemeji alikuja akasimama juu ya ile migomba iliyolala chini.

"Umekata chakula cha baba kwa ajili ya kioo."

"Kaka, njoo jioni uone hicho kioo kinavyopika," mume wangu akamjibu. Hakuja.

Ilipopata jua, ikawa kitu kingine kabisa. Betri tuliiweka ndani ya sanduku la mbao pembeni ya kitanda cha mama, kwa sababu chumba chake ndicho kilikuwa na sakafu kavu. Miezi ya jua kali, saa nane mchana ile taa ndogo ya kijani kwenye kiboksi cha chaji ilikuwa imeshawaka. Maana yake betri imejaa, na jua linaloendelea kupiga paa halina pa kwenda. Jambo hilo lilimnyima raha mume wangu. Alikuwa anaangalia paa kama mtu anayeona maziwa yanafurika jikoni.

"Linamwagika," alikuwa akisema. "Mchana kutwa linamwagika."

Akavuta waya kupitia migombani mpaka nyumba ya jirani yetu wa chini, mjane mwenye watoto shuleni, akampa taa moja. Kisha akatangaza kwamba mwenye betri ya gari ya kuangalizia televisheni asiibebe tena kichwani hadi Kiboriloni kuichajisha, ailete kwetu baada ya saa nane. Hakudai hela. Huyu alituletea mzigo wa majani, yule kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mwingine akaja kutusafishia mfongo, ule mfereji unaotuletea maji kutoka juu mlimani. Ukungu wa Julai ulipotanda, jua likapotea siku nyingi mfululizo, aliwarudisha na betri zao. "Jamani, leo hata sisi tunakula gizani." Hakuna aliyenuna.

Halafu akaanza kukohoa. Alilazwa hospitali ya Mawenzi, akarudi, akalazwa tena, na mara hiyo hakurudi. Ugonjwa haukutajwa, ila mimi nilitajwa. Walisema nilimletea mimi, walisema nitamfuata kabla ya masika. Waliosema nawajua mmoja mmoja, na baadhi yao nimeshawapikia kwenye matanga yao. Aliyeanza ni shemeji. Siku moja nilikuwa ndani ya banda nakamua, yeye na mama wamesimama nyuma ya banda, nikamsikia: "Huyu naye anaenda. Kwa nini vitu vimngoje?"

Nilisikia fimbo ya mama tu, anaondoka.

Kwetu nyumba ya baba inabaki kwa kitinda mimba, na kitinda mimba alikuwa mume wangu. Watoto wetu walikuwa wadogo bado. Shemeji alijua akigusa nyumba ukoo utamkatalia, kwa hiyo akaanza na kilichokuwa juu yake. Niliporudi na majani yangu siku ile nikaona paa liko tupu, sikuwaza taa. Niliwaza kwamba baada ya paneli atakuja kuchukua ng'ombe, baada ya ng'ombe atanionyesha njia ya kurudi kwa baba yangu, na watoto watabaki kwake wakimchungia.

Nilimkuta mama amekaa juu ya sanduku la betri, shuka imemfunika mpaka miguuni.

"Wamemvua baba yenu kofia," akasema.

"Na betri, mama?"

"Si hii nimeikalia? Niliwaambia wakiitaka wanibebe nayo. Yule fundi akaona aibu, akaangalia ukutani."

Basi shemeji akawa na paneli isiyo na betri, na sisi tukawa na betri isiyo na paneli. Akaenda mjini akaleta betri kuukuu ya lori. Akaambiwa inapungua maji, aiongeze. Alichofanya asingekifanya mtu wa mahali pengine popote. Alichota maji ya mfongo. Maji yale sisi tunayaamini kuliko kitu chochote, tunayanywa, tunapikia mbege, tunabatizia watoto. "Maji yanatoka kwenye barafu," alisema, "babu zetu wameyachimbia kwa mikono, betri ni nani iyakatae?" Betri iliyakataa. Mume wangu alitukataza siku nyingi, akasema betri inakunywa maji yake ya chupa tu, yale ya kwenye vituo vya mafuta, mengine yana chumvi ya mawe ndani hata yawe maangavu namna gani. Kwa shemeji hakukuwa na wa kumkataza.

Mkewe ndiye aliyenihadithia, tumekutana mferejini. Huyo simlaumu kwa lolote. "Televisheni yetu sasa inawaka mchana tu," akaniambia, "na mchana haionyeshi kitu. Bwana mkubwa anakaa anaangalia chenga kama anaangalia mechi." Tulicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mimi nilikuwa sijacheka tangu mazishi.

Masika yakaingia. Fundi aliyefungua paneli hakuziba matundu ya misumari, na yalikuwa juu ya chumba cha mama, juu ya kile kitanda alichofia mzee wake. Mvua ikawa inadondoka katikati ya godoro. Nilitafuta lami nizibe, mama akanizuia.

"Acha. Nasubiri wageni."

Alisogeza kitanda, akaweka sufuria pale maji yanapodondokea, na kila aliyekuja kumsalimu akakaribishwa chumbani. Waumini wenzake wa jumuiya walisali na ile sauti ya matone. Jirani mjane alikuja, na wale wa betri wakaja mmoja mmoja, wakasimama wakaangalia juu. Mama hakusema neno baya. Alisema tu, "Karibuni, hapa ndipo alipokuwa analala mzee." Kabla mvua hazijapungua, wazee wa ukoo wakaomba kikao.

Kikao kilifanyika humo humo chumbani, mchana, mvua inanyesha. Mama alimweka mzee mkubwa wa ukoo kwenye kiti alichokichagua mwenyewe, na tone la kwanza likampata shingoni.

"Aisee! Hapa tuko ndani au nje?"

"Muulize mwanangu," mama akasema.

Shemeji alisimama. "Wazee, shikamooni. Sola ni kitu cha kununua. Mdogo wangu aliinunua, amekufa, na vitu vya marehemu ni vya ukoo. Nyumba sijaigusa."

"Hujaigusa?" mama akamwambia. "Kilichopigwa misumari kwenye paa ni paa. Ulipokitoa ulimfunua baba yako, sasa mvua inamnyeshea kitandani kwake. Mimi nimekuzaa wewe kwanza, na nakwambia mbele za watu."

Jirani mjane alikuwa amesimama mlangoni, si wa ukoo, hakutakiwa kusema. Alisema. "Mimi niliwashiwa taa na nyumba hii watoto wangu wasome. Nilipoifuata kwa huyu baba akaniambia jua lake halitoshi. Jua ni lile lile."

Mzee akafuta shingo. "Irudishe ulipoitoa. Mvua ikikatika, leo leo."

Mvua ilikatika jioni mapema. Shemeji aliileta paneli begani, uso ameukunja, akaegemeza ngazi, akaweka mguu wa kwanza. Nikamwambia ashuke.

"Sitaki miguu yako tena kwenye paa hili. Napanda mimi."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema toka azaliwe hajaona mwanamke juu ya paa la nyumba ya mzee. Mama alikuwa ametoka nje na fimbo yake. "Mwacheni," akasema. "Mwenye nyumba ndiye anayepanda."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilifunga khanga kiunoni, nikapanda. Ngazi ilikuwa inateleza kwa matope.

"Shika vizuri, shemeji," nikamwambia. "Nikianguka, mama yako utamwogesha wewe."

Mama alicheka, na wazee nao wakacheka, wakijifanya wanakohoa. Shemeji akashika kwa mikono yote miwili. Nilipokea paneli, nikaipigilia kwenye matundu yale yale, nikayapaka lami pembeni. Nilikuwa nimemaliza. Lakini kioo kilikuwa na vumbi la kwake na kinyesi cha kuku, nikaomba ndoo na kitambaa, nikakaa juu ya bati nikaanza kukiosha, kona moja moja, polepole, na yeye yuko chini ameshika ngazi.