Shetani wa Cherehani

Kichwa changu hakikuuma kama vichwa vya watu wengine, vinavyouma vikapona. Changu kilibana. Asubuhi kilianza nyuma ya shingo, adhuhuri kikafika kwenye paji la uso, na jioni nilikuwa kama mtu aliyefungwa kilemba na adui yake. Sikuwa na homa, sikutapika. Ndiyo maana watu hawakuniamini, na hilo lilinikera kuliko maumivu yenyewe.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa Temeke, mimi, mume wangu aliyekuwa kuli bandarini, na mama yake. Nilikuwa mshonaji. Cherehani changu cha mkono nilikiweka barazani, na Idi ikikaribia nilishona kanzu na magauni ya mtaa mzima. Sikupenda kazi nyingine yoyote duniani.

Tulijaribu kila kitu. Dispensari walinipa vidonge vyeupe. Kichwa kikatulia kutwa moja, kesho yake kikarudi na hasira zake. Jirani alinikanda shingo kwa mafuta ya nazi ya moto. Mwingine akaniumika kwa pembe, akatoa damu nyeusi, akaifurahia yeye. Mwisho mama mkwe akaleta mganga. Mganga hakunitazama sana mimi, alitazama cherehani. Akazungusha mkono wa cherehani, kikalia taratata, akaruka nyuma. Akasema humo mna shetani wa Kizungu, na kisipotolewa nyumbani kichwa changu kitapasuka.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Siku ileile mama mkwe alijitwika cherehani akakipeleka kwa dada yake Mbagala.

"Kichwa kikipona, cherehani kitarudi," alisema. "Au wataka kufa kwa ajili ya kanzu za watu?"

Mume wangu akampisha njia. Mbele ya mama yake hakuwa na ulimi.

Basi nikaanza kuhangaika. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikaa, nikainuka, nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikishika kanga, vidole vilitafuta pindo. Mtu akipita na shati lililofumuka kwapani, nilitamani kumvua njiani. Na kichwa kiliuma maradufu. Shetani kahamia Mbagala, lakini mizigo yake kaiacha kwangu!

Kwa kukosa la kufanya nilimfuata mama mkwe kisimani, ingawa alikuwa amenikataza kubeba chochote kichwani. Nilijitwika debe kwa ubishi tu. Tukawa tunarudi, mimi mbele, yeye nyuma, na maji yananimwagikia usoni.

"Mabega!" alinifokea. "Mbona umeyapandisha mpaka masikioni? Shusha, unamwaga maji!"

Nikayashusha. Sikujua hata kama yalikuwa juu. Nikanyoosha shingo, nikalegeza na meno, maana nayo nilikuwa nimeyakaza. Na pale njiani, na debe zima la maji utosini, kile kilemba kikalegea. Sisemi kiliisha, kililegea. Nilitaka kupiga kigelegele, lakini nilikuwa na debe.

Nani angeniamini, kwamba kichwa kinachouma kinataka mzigo? Tangu hapo nikawa najichunguza. Mabega yalipanda nikiwa na hasira, yalipanda Idi ikikaribia, na yalipanda zaidi mume wangu alipochelewa kutoka bandarini, ambako mizigo iliwahi kuangukia watu. Shingo yangu ilikuwa inasubiri habari mbaya hata siku ambazo habari hizo hazikuwapo. Nilimweleza mama mkwe yote hayo. Alinisikiliza huku akichambua mchele, kisha akainuka kwenda kuinjika chungu. Nikajua cherehani ndiyo basi tena, na siku ile nililia waziwazi.

Mchana mmoja nikamwona anatokea njia ya Mbagala, cherehani kichwani, mikono inaning'inia, mabega yako chini kabisa. Nilikimbia kumtua.

"Pole na jua, mama," nilimwambia. "Lakini kichwa bado kinauma." Niliona heri niseme mapema, asije akagundua kesho akakibeba tena cherehani.

"Nishapoa. Na najua kinauma, mie sina macho? Lakini nimechoka kukuona unazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shona, mwanangu. Huyo shetani wako nitamwangalia mie."

Alimwangalia kweli. Alihamishia kigoda chake barazani, nyuma yangu, akawa anasuka ukili wa mikeka. Mabega yangu yakipanda kidogo tu, alipiga kelele, "Mabega!" Wateja walishtuka, na wengine walishusha ya kwao.

Kichwa hakijapona mpaka leo. Kinakuja, tunakaa wote, kinaondoka, kinarudi. Mama mkwe tumekwisha kumzika. Nikiwa nashona najifokea mwenyewe, "Mabega!" Yanashuka, lakini kwa kujivuta, maana yanajua si yeye.