Nilivyokwenda Sironga Kujifunza Fimbo ya Kifilipino

Niliondoka mjini Kisii kwa sababu ya aibu. Mimi ni muuza vitambaa. Siku ya soko kule Marani niligombania mahali pa kutandika bidhaa na Ombati, dalali wa ng'ombe. Alininyang'anya bakora yangu akanichapa nayo mbele ya wateja. Soko zima likacheka.

Jumatatu asubuhi nilishika njia ya Sironga, karibu na Nyamira. Huko alikaa Nyakundi, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma, ambaye baharia mmoja Mfilipino alimfundisha melini kupigana kwa fimbo mbili fupi. Kwa vile vilima, niliisukuma baiskeli yangu zaidi ya ilivyonibeba.

Saa nane mchana nilifika. Mkewe, Kemunto, alikuwa akipepeta wimbi.

"Umekuja kupigwa?" aliuliza.

"Nimekuja kujifunza, mama."

"Ni kitu kimoja."

Nilitarajia Nyakundi awe jitu, akatoka mtu mfupi, mpole, anayekohoa. Alichora pembetatu uani kwa majivu, akaniambia nihamishe miguu kutoka pembe hadi pembe bila kutazama chini. Kisha mapigo, kwa hesabu: moja bega la kushoto, mbili la kulia, tatu kiunoni. Kila nilipokosea, fimbo yake ilinigonga vidole.

"Usitafute kichwa cha mtu," alisema. "Piga mkono ulioshika fimbo. Nyoka asiye na meno ni kamba tu."

Siku ya tatu nilimuuliza aliwaangusha maadui wangapi.

"Hata mmoja. Vitani nilikuwa mpishi."

Alhamisi nilirudi, vidole vimevimba, nikijiona simba. Jumamosi nilikwenda Marani, lakini mvua ilikuwa imevunja soko mapema. Nilimkuta Ombati njiani, peke yake. Aliponiona akacheka, akainua fimbo. Nilisogea pembeni nikapiga vidole vyake kwa fimbo yangu fupi. Fimbo ikaanguka matopeni.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya ushindi, ila hakukuwa na wa kuyasikia. Ombati aliketi juu ya jiwe, ameushika mkono.

"Ndugu yangu," akasema taratibu, "usiwaambie watu."

Sijui kwa nini, nikakubali.

Soko lililofuata alikuja mkono umefungwa, akasema ng'ombe alimpiga teke. Wateja wangu walimwonea huruma sana. Mama mmoja aliniuliza kama nimesikia habari hiyo.

"Nimesikia," nikamjibu. "Ng'ombe wa huku ni wakali."

Nilisafiri kutafuta heshima ya soko zima. Niliipata ya mtu mmoja tu, naye ni Ombati.