Mita ya Kumnasa Dereva

Niliondoka Kegonga Jumapili moja asubuhi kwa sababu niliamka nikaona sina la kunibakiza pale. Mahindi ya watu nilikuwa nimemaliza kuyavuna. Sikujua nitalala wapi. Nilijua tu kwamba nikifika Migori nitatafuta mita ya kupimia umeme, maana bisibisi yangu ya kutesti, ile yenye taa ndani ya mpini, ilikuwa imenidanganya wiki hiyo. Haikuwaka, nikadhani hakuna umeme, nikashika waya, waya ukanitupa chini mbele ya kinu cha unga, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka mpaka wakashika magoti.

Mama mwenye duka la vifaa vya umeme alinitolea mbili za bei nafuu. Moja ilikuwa ndogo, ya manjano, nyepesi kama kiberiti. Ya pili ilikuwa nene kidogo, imevalishwa mpira. Nikamwomba bisibisi nizifungue mgongo.

"Baba, unanunua mita ama unaoa?"

Wateja wakaangua kicheko. Nikafungua tu. Shule niliiacha darasa la saba, lakini kitu chenye skrubu siwezi kukipita. Ndani ya ile ndogo, tundu la ampea kumi halikuwa na fyuzi. Mtu akisahau waya mwekundu kwenye tundu hilo, kisha aende kupima soketi ya ukutani, mita itamlipukia mkononi. Ile nene ilikuwa na fyuzi mbili, nyaya zake ni laini, na nilipogusanisha ncha zake ililia papo hapo. Ile ndogo hata kulia haikujua.

"Nipe hiyo ndogo," mtu akasema nyuma yangu.

Alikuwa mzee wa kitambi, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Mlangoni alisimama dereva wake, mtu mzima mwenye kofia iliyochakaa, ameinama kama aliyekaripiwa tangu alfajiri.

"Nataka kumnasa mwizi," mzee akamwambia mama, akimwonyesha dereva kwa kidevu. "Huyu hapa."

Hakuhitaji kuulizwa, akaeleza duka zima. Yeye ni Msabato, wa Homa Bay. Ijumaa jua likitua gari lake linaegeshwa, wala haliguswi mpaka Jumapili. Na sasa Jumapili ya tatu mfululizo limekataa kuwaka; leo wamelisukuma. Betri ni mpya. Kwa hivyo yeye akiwa kanisani, dereva anaing'oa betri, anaikodisha kwa wavuvi wa omena wawashie taa zao usiku, halafu anairudisha imekufa.

"Mzee, nilikuapia," dereva akasema.

"Nyamaza. Mita ikisema, unaenda polisi na hiyo kofia yako."

Ningenyamaza na mimi, lakini sijui kunyamaza. "Hiyo ndogo haifai," nikasema. "Wewe unataka kujua umeme unaenda wapi gari likiwa limezimwa. Usipoenda popote, ndipo useme mtu anaing'oa betri. Hapo unapima ampea, na tundu lake la ampea halina fyuzi."

"Eh, profesa! Umesomea wapi?"

"Kegonga."

Wakacheka tena. Mzee akalipia ile nene, akanisukumia kifuani. "Haya, omera, ndugu yangu, pima. Ukinidanganya nitawapeleka wote wawili."

Gari lilikuwa nje, watu wakalizunguka. Nilifunga milango yote ili taa ya ndani isinichanganye. Nikatoa waya hasi kwenye betri, nikaiweka mita katikati, waya mwekundu kwenye tundu la ampea kumi, nikangoja gari litulie. Gari likilala, hunywa umeme kidogo sana wa saa na vitu kama hivyo. Hili lilikuwa linakunywa karibu ampea nzima. Likikaa hivyo kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumapili, betri haifiki.

Dereva alikuwa akiniangalia midomo, kana kwamba mimi ndiye hakimu.

Nikachomoa fyuzi za gari moja moja. Namba haikushuka. Basi mnywaji hakupitia kwenye fyuzi hizo. Nikafuata waya mnene uliotoka moja kwa moja kwenye betri, nikafika chini ya kiti, nikakuta amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, taa yake nyekundu inawaka na ufunguo uko mfukoni mwa mzee. Baadaye nilikuja kujua kwamba mzee huyu alikuwa akikodisha gari lake kutangazia vifo na kupigia nyimbo kwenye matanga, na alitaka vipaza sauti vilie kutwa bila ufunguo.

"Nani aliunga hii?" nikauliza.

Dereva ndiye aliyejibu, polepole: "Ni yeye mwenyewe."

Nikang'oa waya. Namba ikaanguka, ikabaki kama si kitu.

"Mwizi amepatikana!" mtu wa bodaboda akapiga kelele. "Ana kitambi!"

"Mzee, jipeleke polisi!" mwingine akadakia.

Watu wakacheka vibaya. Dereva naye akacheka. Kidogo tu, kwa pua. Mzee akageuka akamtazama, halafu akaniuliza mimi: "Unajua kuendesha?"

"Najua."

"Leseni?"

"Ninayo."

"Basi kazi unayo, na chumba." Akamwambia dereva: "Tufikishe nyumbani, kisha utoe vitu vyako."

"Mzee, si umeona sikuiba?"

"Nimeona. Ungeiba ningekusamehe. Kunicheka, hapana."

Ningeweza kukataa. Nilisema asante.

Dereva alituendesha vizuri mpaka Homa Bay, bila kuturusha kwenye tuta hata moja. Tulifika saa kumi jioni. Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee, cha mabati, dirisha moja. Mimi nilisimama mlangoni huku dereva akikunja godoro lake dogo na kutia sufuria mbili kwenye gunia.

"Kitanda ni cha mzee, kinabaki," akaniambia. "Usikisogeze upande ule, kunavuja."

"Unaenda wapi?"

"Asumbi, kwa mke wangu. Sijui nitamwambia nini."

"Mwambie hukuiba."

"Hilo analijua tangu mwanzo."

Aliniwekea ufunguo mkononi, akajitwika gunia. Nikaingia, nikajaribu kitanda. Kilikuwa kizuri kuliko cha Kegonga.