Vitabu Vitatu na Mguu wa Plasta

Fundi rangi alianguka siku ileile bintiye alipofunga shule. Hakuanguka kutoka ghorofani, kama majirani walivyoeneza. Aliteleza kwenye ngazi fupi akipaka dari ya chumba cha daktari wa meno, akatua vibaya, mfupa wa muundi ukavunjika. Daktari wa meno mwenyewe ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari lake. Jioni akarudishwa nyumbani na plasta nzito kutoka vidoleni hadi gotini, uso umekunjamana kama shati lililosahauliwa ndooni.

Likizo hiyo ilikuwa ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Mama alikuwa mpiga pasi hotelini na ruhusa haikupatikana, kwa hiyo shauri likakatwa: binti atabaki na mgonjwa. Binti huyo nyumbani walimwita Msomi. Jina alimpa baba yake, wala si kwa sifa, bali siku alipoacha birika likakauka motoni na kuanza kutoa moshi, yeye yuko hatua chache tu kutoka jikoni, kazama kitabuni.

Alikuwa ameazima vitabu vitatu maktaba ya shule. Cha kwanza kilihusu nyuki. Cha pili kilisimulia safari ya mabaharia walionaswa kwenye barafu. Cha tatu kilikuwa riwaya nene ya mwenye kiwanda cha mbao na binti yake, ambayo aliichukua kwa sababu jalada lilimvutia.

Mwanzoni baba alikuwa mgonjwa mgumu. Mto uinuliwe, mto ushushwe. Dirisha lifunguliwe, vumbi linaingia, lifungwe. Mtu aliyezoea kutwa nzima kusimama, sasa analazwa kitandani kama mzigo! Mchana mmoja akamsikia bintiye akicheka peke yake kwenye kiti cha mlangoni.

"Unacheka nini?"

"Nyuki, Baba. Chakula kikipungua, madume yanafukuzwa mzingani."

"Yanafukuzwa na nani?"

"Na majike."

"Acha uongo wako."

"Si mimi, ni kitabu."

"Hebu soma hapo."

Akasoma. Baba alisikiliza huku amekazia macho darini, kama anayekagua kazi ya fundi mwingine. Mama aliporudi, kabla hata hajavua viatu, akaulizwa: "Mke wangu, ungekuwa nyuki, mimi na mguu huu ungenifukuza?"

"Ningekufukuza na huo mto wako," mama akajibu, akapitiliza jikoni.

Kitabu cha nyuki kikaisha, wakahamia kwa mabaharia. Hapo baba aligombana na nahodha mwanzo hadi mwisho. Meli ya mbao, barafu mbele, na seremala mmoja tu chomboni! Seremala huyo alipougua, baba hakula vizuri mchana ule.

Riwaya ilipoanza, alitaka mlango ufungwe. Hakutaka watu wajue kwamba fundi rangi mzima, na ndevu zake, anasomewa habari za wapendanao. Siku moja mlango ukagongwa katikati ya barua ya mapenzi. "Funika, funika!" akanong'ona. Aliyeingia ni mwashi anayefanya naye kazi, mtu mkubwa ambaye wenzake humwita Saruji.

"Binti anajikumbusha masomo," baba akasema haraka.

Saruji akaketi. Wakazungumzia mguu, wakazungumzia kazi. Baba aliomba kimoyomoyo mgeni aondoke. Saruji akakohoa.

"Sasa huyo kijana amejibiwa barua yake au bado?"

Kumbe alikuwa amesimama chini ya dirisha muda mrefu kabla ya kugonga. Tangu hapo akawa anapita kila akitoka kazini, suruali imejaa vumbi, na Msomi humwekea gazeti kuukuu juu ya kiti.

Mambo yaliharibika walipofika mahali ambapo binti wa kiwandani anamwomba baba yake ruhusa ya kwenda mbali kujifunza kujenga madaraja, na baba anakataa katakata.

"Anamwonea," akasema Msomi.

"Anamlinda," akasema baba.

"Anamlinda na nini?"

"Ukizaa utajua."

"Hata hajamuuliza anataka nini. Kasema hapana, basi!"

Saruji akatazama viatu vyake. Akakumbuka kwamba ameacha maji motoni, akaaga. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, hapakuwa na maji yoyote motoni; alijua tu kwamba wenyeji wake hawakuwa wakizungumzia kiwanda cha mbao. Msomi alitaka kumalizia masomo yake katika shule ya bweni ya sayansi, mbali na nyumbani. Wiki chache kabla ya kuanguka, baba alikuwa amelijibu ombi hilo kwa neno moja.

Usomaji ukakoma. Chai ililetwa, dawa ililetwa. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Basi. Kitabu kilibaki juu ya stuli, uzi mwekundu wa sufu ukichungulia kwenye ukurasa walioishia.

Msomi alipotoka sokoni siku ya pili, akakuta ule uzi umesogea mbele sana. Baba yake aliishia darasa la saba. Alisoma polepole, akichezesha midomo.

"Nilitaka tu kujua kama alimruhusu," akasema.

"Alimruhusu?"

"Wapi! Binti akaondoka hivyohivyo. Hakurudi hata kwenye maziko ya baba yake."

"Baba! Umenimalizia kitabu!"

"Samahani." Akajikuna juu ya plasta, mahali ambapo kucha hazifiki. "Hiyo shule yako. Wanalala wangapi chumba kimoja?"

Hakusema ndiyo. Aliuliza kama kuna mlezi wa wasichana, kama zahanati iko karibu, kama mzazi anaweza kupiga simu. Aliyoyajua Msomi akayajibu. Asiyoyajua akasema hayajui.

"Kamuulize mwalimu wako. Uniletee majibu kamili, si nusunusu."

Msomi alikuwa na maneno makali aliyoyaandaa siku mbili, na sasa hayakuwa na kazi. Akaenda jikoni, akaosha vikombe vilivyokuwa safi tayari.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa lugha aliwataka waandike kuhusu vitabu walivyovipenda likizoni. Msomi aliweka nyuki mbele, mabaharia wakafuata. Riwaya akaiweka mwisho, akaeleza kwamba ilikuwa nzuri sana mpaka mtu fulani wa nyumbani alipoiharibu.

Mwaka uliofuata alikwenda bweni. Baba alimbebea sanduku hadi getini, akichechemea kidogo, kisha akamuuliza mlezi maswali yaleyale upya.

Siku hizi baba amerudi kazini. Saruji analalamika kwamba kazi zinachelewa, kwa sababu mwenzake akitandika magazeti sakafuni kabla ya kupaka rangi, lazima kwanza apige magoti ayasome.